Simu ya Saa Tatu Asubuhi

Wadogo zangu mliobaki kaunta, siku mliyoniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, na Mkuu wa Shule akanisifu kwa dakika kumi na tano bila kukosea jina langu, jambo ambalo miaka yote lilikuwa linamshinda. Halafu mkaniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu, ziwasaidie. Nimekaa na ombi hilo mwezi mzima. Vyeo na mshahara sitavigusa, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mshahara mnaujua. Nitaandika niliyofundishwa na niliyoyaona, na jambo moja nililolifanya ambalo kwenye hotuba ya Mkuu halikutajwa, maana hakuwa analijua.

Niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na tatu, miguuni nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Shule mnaijua ilivyokaa: kuna ukuta mmoja tu, upande wa ndani watoto wanafundishwa, upande wa nje Kariakoo inauza kila kitu kwa kupiga kelele. Mapokezi ndicho chumba cha kwanza ukiingia getini, kwa hiyo watu wa sokoni hawakukihesabu kuwa ofisi. Siku yangu ya kwanza, kabla ya saa sita, nilihudumia mzazi mmoja na watu saba waliotaka choo, kivuli, au kuelekezwa maduka ya vitenge. Wa nane aliingiza gunia la dagaa chini ya kaunta, akasema, "Dada, niangalizie hapa, nakuja sasa hivi." Alirudi siku ya tatu. Mkuu wa wakati ule alikuwa ameshapandisha fundi darini akidhani kuna paka amefia huko.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Getruda, mama wa Masasi, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Siku hizo mitihani tuliigonga kwa tapureta kwenye stensili, kisha tunaizungusha kwenye mashine ya kudurufu mpaka mikono inakuwa myeusi kwa wino. Ukigonga kwa hasira, stensili inatoboka. Nilimharibia mwalimu wa Jiografia mtihani mzima, kila palipokuwa na herufi o pakatoka tundu. Bi Getruda hakunigombeza. Alinipa stensili nyingine, akasema, "Rudia. Na hasira zako ziache getini, pale wapo wengi wa kuzipokea."

Alinifundisha kwamba muhuri haubaki mezani hata kama unakwenda kunawa mikono tu. Alinifundisha kwamba mzazi akija amewaka, dawa yake ni salamu: muulize habari za nyumbani, za watoto, za mzee anayeumwa, mpaka akifika kwenye lililomleta awe amepungua nusu. Dawa hiyo niliitumia miaka yote, ikanishinda mara mbili tu, zote kwa wanasheria.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la simu. Simu yetu ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha, yenye kufuli dogo ili walimu wasiongee na shemeji zao kwa gharama ya shule. Wiki yangu ya pili ililia, nikapokea. Mwanamume akasema, "Mwambie Hassani wa kidato cha pili, baba yake hali si nzuri, aje nyumbani." Nikaweka mkono wa simu chini, nikainuka kwenda darasani. Bi Getruda akanishika mkono.

"Kaa kwanza. Amesema nini, neno kwa neno?"

Nikamwambia.

"Basi baba yake Hassani ameshafariki," akasema, akaanza kutafuta khanga yake. "Msiba hausemwi kwenye simu, mwanangu, wala hausemwi kaunta. Mtoto anaambiwa mgonjwa kazidiwa, anasindikizwa mpaka nyumbani, akifika anapokewa na wenyewe. Wewe uso wako usibadilike. Akikuuliza, hujui kitu."

Ilikuwa kweli. Jioni ile ile tulipata habari kwamba mzee alikuwa amefariki tangu alfajiri. Na kila ilipotokea tena, Bi Getruda hakukosea.

Nikawa fundi wa kazi hiyo, na neno hilo fundi naliandika kwa aibu. Nilijua kwamba anayepiga simu ya msiba huwa mtulivu, kwa sababu wanaolia hawapewi simu. Nilijua kusema "beba na begi lako, huenda ukachelewa kurudi" bila sauti kutetemeka. Nilijua kumtafuta mwenzake wa mtaa mmoja amsindikize. Kufikia Bi Getruda anastaafu, wanafunzi walikuwa wameanza kuniogopa. Nikitokea mlangoni mwa darasa bila karatasi mkononi, darasa zima linakuwa kimya na kila mmoja anaomba nisimtazame yeye.

Wajanja nao walikuwapo. Kijana mmoja, babu yake alifariki mara tatu katika muhula mmoja, na mara ya tatu babu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi langu akisubiri kumwona Mkuu. Nikamwambia kijana, "Babu yako amefufuka, msalimie." Akasema, "Shikamoo babu," akitazama sakafu. Mzee akaitikia, "Marahaba. Nasikia nimeshazikwa." Nilicheka siku ile mpaka nikaharibu barua mbili.

Tapureta ikaondoka, ikaja kompyuta iliyogoma kila umeme uliporudi. Simu nyeusi ikaondoka, nikapewa ya mkononi ya ofisi. Kazi yenyewe haikubadilika, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na ndugu mwenye habari hana njia nyingine ila kupitia kwetu. Hilo mnalijua, mnalifanya kila wiki. Ndiyo sababu lazima niwaeleze habari za Rehema.

Rehema alikuwa kidato cha nne, binti mrefu, mkimya, wa Buguruni. Baba yake alikuwa ametangulia zamani, na yeye aliishi na mama yake na mama yake mdogo katika vyumba viwili vya kupanga. Mama alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na wiki ile alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali akarudishwa nyumbani. Niliyajua hayo kwa sababu Rehema aliwahi kuniletea barua za kuomba ruhusa mara mbili, na zote zilikuwa za kweli.

Asubuhi hiyo kidato cha nne walikuwa kwenye moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa. Karatasi ilikuwa ya Biolojia, saa mbili mpaka saa tano. Saa tatu kamili simu ikalia. Alikuwa mwanamke, sauti imetulia kabisa, na nyuma yake hapakuwa na kelele yoyote.

"Hapo ni shuleni? Mimi mama mdogo wake Rehema wa kidato cha nne. Dada amezidiwa. Anamuulizia mwanawe. Naomba umruhusu aje sasa hivi."

"Pole sana, mama," nikasema. "Atakuja."

Nilikata simu nikiwa na hakika kwamba mama yake Rehema ameshafariki. Sikuwa na shaka hata kidogo. Sauti ilikuwa tulivu, mgonjwa amezidiwa, mgonjwa anamuulizia mtoto. Marehemu wote niliopigiwa simu zao kwenye kaunta ile walikuwa wanawaulizia watoto wao. Nikaanza kupiga hesabu. Hawa ni Waislamu, watazika baada ya alasiri. Buguruni si mbali, kwa nusu saa atakuwa amefika. Nikimtoa sasa hivi anapoteza Biolojia, na mtoto huyu anataka uuguzi. Marehemu hana haraka tena, nikajiambia, acha mtoto amalize karatasi yake kwa amani, ya mwisho kabla dunia haijambadilikia. Nilijiona mtu mwenye huruma na mwenye akili. Nikaendelea kuchapa ratiba ya zamu za walimu.

Sikwenda kumuuliza Mkuu. Sikumpigia tena yule mama kumuuliza kama mgonjwa bado anapumua, kwa sababu kwetu swali hilo haliulizwi. Na kwenye daftari la simu, ambalo linatakiwa kuandikwa papo hapo, sikuandika kitu.

Saa tano na dakika tano walikusanya karatasi. Nikasimama mlangoni, nikamwita. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akaelewa kama wote walivyokuwa wakielewa.

"Beba na begi lako," nikasema. "Mama amezidiwa kidogo."

"Simu imekuja sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Hakusubiri mtu wa kumsindikiza. Nilimwona kupitia dirishani akikimbia katikati ya mikokoteni, begi likimpiga mgongoni. Halafu nikafungua daftari, nikaandika kwamba simu iliingia saa tano kasoro dakika kumi. Niliona ni uongo mdogo usiomdhuru mtu. Mama alikuwa ameshakufa, na saa haingembadilishia mtoto chochote.

Siku ya tatu tulikwenda msibani Buguruni, walimu wanne, wanafunzi wa darasa lake, na mimi nimebeba barua ya pole ya shule. Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka. Rehema alikuwa kwenye kona, amejifunika khanga mpaka kwenye paji la uso. Jirani mmoja akaanza kusimulia, kama inavyosimuliwa misibani. Alisema tangu alfajiri mgonjwa alikuwa na nafuu ya kuongea. Saa tatu, mdogo wake alipomwambia mtoto ameshaitwa, akaomba ainuliwe, aketishwe na mto mgongoni. Akasema, "Rehema anakuja, asinikute nimelala." Akakaa hivyo hivyo, anatazama mlango. Alikata roho saa tano kasoro robo.

Saa tatu yule mama alikuwa hai. Ile sauti ya kwenye simu ilikuwa tulivu kwa sababu mgonjwa alikuwa chumbani humo humo, anasikiliza.

Dada wa baba yake Rehema, shangazi mtu, alikuwa upande wa pili. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha, "Basi si mngempigia mtoto saa hiyo hiyo."

"Nilipiga saa tatu," akasema mama mdogo. Ndipo nilipomjua ni yupi. Aliitwa Bi Zainabu, mwembamba, wa makamo yangu, na siku zote tatu za msiba yeye ndiye aliyekuwa akipika.

"Ungepiga saa tatu, mtoto angekuwa hapa saa nne. Kariakoo na hapa ni wapi?"

Rehema akaondoa khanga usoni. Hakumtazama shangazi wala mama yake mdogo. Alinitazama mimi.

"Bi Mwajuma, simu ilikuja saa ngapi?"

Chumba kizima kiligeuka. Nilimfikiria Mkuu, nikaifikiria barua ya kujieleza, nikawafikiria wanangu wawili waliokuwa bado wanasoma. Niliona aibu pia, hilo lazima niliseme, aibu ya kuonekana mjinga mbele ya walimu waliozoea kunisifu kwa umakini. Yote hayo yalipita kwa muda mfupi sana.

"Saa tano kasoro, mwanangu," nikasema. "Nimeiandika kwenye daftari."

Bi Zainabu hakubisha. Alinitazama, na ninajua kwamba aliitambua sauti yangu. Kisha akainama akaendelea kukunja kona ya mkeka.

Rehema alihamia kwa shangazi yake Mbagala. Baada ya arobaini ya marehemu, Bi Zainabu alikuja ofisini, asubuhi, kabla wazazi hawajaanza kuja. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Sauti ni hii hii," akasema. "Uliniambia pole sana mama, atakuja. Sikuja kukushtaki, dada yangu. Rehema hapokei simu zangu. Nimekwenda Mbagala mara mbili, hakutoka chumbani. Wamemwaminisha kwamba nilimficha kwa makusudi, ili mimi na dada tubaki wenyewe na maneno yetu ya mwisho. Wewe ndiye unayeweza kulimaliza hili. Mwambie tu ilikuwa saa tatu. Sababu zako hata sitaki kuzijua."

Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi nyuma yangu. Nilimsikia anakohoa.

"Mama, haya yameshapita," nikasema. "Tumwombee marehemu."

"Amina," akasema, maana kwa maneno yale hakuna jibu jingine. Alitengeneza mtandio wake, akanishukuru, akatoka. Aliponishukuru ndipo nilipotaka kumwita arudi, na sikumwita.

Ile karatasi ya Biolojia Rehema alipata C. Miaka yangu yote sijaona chuo kinachoomba matokeo ya moko.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi yenu ilipo. Simu ikilia, andika saa wakati bado unaongea, usingoje. Ukiambiwa mgonjwa kazidiwa, uliza: "Anaongea?" Ni swali lisilo na adabu, mtaona haya kuliuliza, na aliyefiwa huenda akakujibu kwa ukali. Ulizeni hivyo hivyo. Na msipate majibu mkayaweka mfukoni kumtunzia mtoto. Bi Getruda alinifundisha kuficha habari mpaka nyumbani, hakunifundisha kuamua mtoto aende saa ngapi. Hiyo niliiongeza mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuwa sahihi.

Mtaniuliza kama nilijaribu kurekebisha. Namba ya Bi Zainabu nilikuwa nayo kwenye faili. Mwaka wa kwanza niliitoa mara nyingi, nikaitazama. Mwaka wa pili mara moja moja. Baadaye faili za wahitimu zilihamishiwa stoo, nikajiambia kwamba hawa ni ndugu wa damu, bila shaka wamepatana. Nilikuwa sijui, na nilipenda kutojua.

Mwaka huu, muhula ulipofunguliwa, mnakumbuka foleni ya wazazi wa kidato cha kwanza ilivyofika mpaka getini. Mmoja wao alikuwa mwanamke mrefu, amemshika mkono binti mwenye sare mpya iliyomzidi.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Hunikumbuki. Mimi Rehema."

Nilimkumbuka kabla hajataja jina. Amekuwa muuguzi, aliniambia, yuko hospitali miaka kumi sasa. Alikuwa mchangamfu kuliko zamani. Alimtuma binti akakae benchi la nje, akajaza fomu haraka haraka kwa mwandiko mzuri, akanirudishia. Ile sehemu ya watu wawili wa kupigiwa simu ikitokea dharura, alikuwa amejaza mmoja, yeye mwenyewe.

"Na wa pili?" nikamuuliza.

"Sina wa pili. Shangazi alishafariki."

Ningeweza kugonga muhuri nikasema anayefuata. Nilikuwa nimebakiza wiki sita nistaafu.

"Na mama yako mdogo?"

Akafunika kalamu yake. "Mama mdogo Zainabu alifariki mwaka juzi. Alipougua aliniita mara tatu, mara ya mwisho walinifuata mpaka wodini ninakofanyia kazi. Sikwenda. Nilisema na yeye angoje, aone kungoja kulivyo."

Nilimwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kaunta ikiwa katikati yetu, na nje wazazi wakilalamika kwamba foleni haisogei. Kwamba simu iliingia saa tatu kamili. Kwamba nilidhani mama yake ameshafariki, nikaona amalize mtihani. Kwamba niliandika saa ya uongo, na msibani nikaisema mbele ya watu wote. Nilisema yote bila kutua, kwa sababu nilijua nikitua sitaendelea.

Hakulia. Aliweka kidole juu ya ile sehemu tupu ya fomu.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua. Alikuja hapa baada ya arobaini."

"Akasema nini?"

"Alitaka nikwambie kwamba ilikuwa saa tatu. Hakutaka kingine."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Uliogopa nini?"

"Kupoteza kazi."

Rehema akainua macho. Akatazama kaunta, akatazama kabati la mafaili lenye mlango usiofunga, akatazama muhuri na kibweta cha wino, feni, na kiti changu chenye mto nilioushona mwenyewe. Alivitazama taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Kazi hii?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.